Kibao Kinachosomeka: Niliyowaambia Mafundi wa Tanga Kuhusu Kujiweka Mtandaoni

(Nilizungumza haya Jumamosi mbele ya mafundi na watoa huduma wadogo wa hapa Tanga mjini. Mvua iliwazuia wengi kufika na walioikosa hotuba hii wameniomba niiandike. Nimeiandika kama nilivyoisema, isipokuwa zile picha nilizoonyesha ukutani.)

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, dada zangu, vijana. Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Na ambao sijawagusa kwa zote tatu, hamjambo?

Nimeambiwa nizungumzie tovuti, na naona kuna fundi pale nyuma kashaanza kuutazama mlango. Tulia ndugu yangu, sikuja kukuuzia kitu. Mimi ni fundi friji na AC, mikono yangu hii mnaijua. Nimekuja kusimulia hasara yangu ili wewe isikupate.

Nianze na methali ambayo sisi mafundi tunaipenda kupita kiasi: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mara ngapi umemjibu mtu hivyo alipokuuliza kwa nini hujitangazi? Mimi nimejibu hivyo miaka 14. Nilikuwa naisema huku nimekunja mikono, naona nimemaliza.

Sasa sikilizeni. Ilikuwa Ramadhani, usiku, watu wameshafuturu. Mama mmoja wa Chuda kafungua friji atoe maji, akakuta hakuna baridi. Ndani kuna nguru wa kutosha wiki nzima, kuna maziwa, kuna nyama aliyowekewa na dada yake. Fundi wake wa siku zote kaenda Korogwe mazikoni. Jirani wa kumuuliza kaenda tarawehe. Akafanya nini? Akashika simu, akaandika maneno matatu: fundi friji Tanga.

Unajua alimpata nani? Alimpata kijana niliyemfundisha mimi! Kijana ambaye mpaka leo akichomelea bomba la shaba nafumba macho. Alifika kwa bodaboda, akakuta ni rilei tu ya kompresa imeungua, akabadilisha, akalipwa, akapewa na sambusa za kuondokea. Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa barazani kwangu, hatua chache kutoka nyumba ya yule mama, nakunywa kahawa na kashata. Kizuri changu kilikuwa kinajiuza, sawa, lakini kilikuwa kinajiuza gizani.

Baadaye yule mama akaja kuwa mteja wangu wa AC, ndiye aliyenisimulia. Nikamuuliza, wewe ulimwaminije mtu usiyemjua usiku ule? Akanijibu: "Baba, nilitaka kujua mambo manne tu. Anatengeneza friji? Anafika Chuda? Yupo saa hizi? Namba yake ipi? Yule kijana yote manne kayaandika. Na nikaona picha yake kapiga magoti mbele ya friji, na watu 11 wamemsifu. Sasa ningemtaka na cheti?"

Mambo manne. Naomba muyashike hayo mambo manne, maana mengine yote nitakayosema leo yanazunguka hapo hapo.

Sasa niwaambie nilichokifanya mimi baada ya kusikia habari ile. Wivu ukanishika, ndugu zangu. Nikasema huyu kijana kaweka picha moja kwenye ramani ya simu, mimi nitaweka jumba! Nikamtafuta mtengeneza tovuti, nikampa shilingi 900,000. Pesa ya AC tatu hiyo, kupanda ngazi na kushuka, juani.

Akanitengenezea jumba kweli. Ukifungua, kwanza linatokea jengo la vioo refu ambalo Tanga halipo. Linapita. Wanatokea Wazungu wawili wamevaa suti, wanapeana mikono. Mimi na suti wapi na wapi? Wanapita. Chini yake Dira Yetu. Chini yake Dhima Yetu. Chini yake Maadili Yetu ya Msingi, matano. Namba yangu ya simu ilikuwa mwisho kabisa, kwa maandishi ya kijivu, madogo kama tarehe ya mwisho kwenye kopo la dawa. Nikampa dada yangu aifungue kwa simu yake, yeye anatumia bando la siku. Akaifungua, akaiweka simu mezani, akamimina chai, akanywa, akaniuliza, "Kaka, hii inafunguka au inachaji?"

Jumba lile halikuniletea mteja hata mmoja ninayemjua. Hilo ningelisamehe. Lililoniuma ni la mwaka uliofuata. Jina la tovuti hulipiwa kila mwaka, kama kodi ya fremu. Mimi sikujua. Yule bwana alilisajili kwa jina lake, kwa barua pepe yake, kwa simu yake, kisha akahama mji na simu haipatikani. Jina likaisha muda, mtu mwingine huko duniani akalichukua. Siku moja mteja ananipigia: "Fundi, siku hizi umeacha AC unauza mikeka?" Nikamwambia mikeka gani? Nikafungua. Jina la biashara yangu, herufi kwa herufi, linatangaza kubeti. Mikeka ile, si ya kulalia.

Nani mwenye kosa? Nimelala na swali hilo siku nyingi. Yule bwana ana lake. Lakini mimi, ningekubali kupanga fremu halafu ufunguo akae nao aliyenipakia rangi? Nisingekubali. Na mtandaoni nilikubali, tena nikamshukuru.

Kwa hiyo, nakuomba, nakuomba tena: ufunguo uwe wako. Ukisajili jina la .co.tz, lisajiliwe kwa jina lako wewe, kwa barua pepe unayoifungua wewe. Ukifunguliwa akaunti ya biashara, ifunguliwe kwa simu yako, si ya mpwa wako ambaye mwezi ujao anaenda chuo Dodoma. Nenosiri liandike kwenye daftari, daftari liweke unapoweka hati ya kiwanja. Watu wa kompyuta watasema daftari si salama. Waache waseme. Mimi sijaona mwizi anayeiba daftari la fundi, lakini mafundi waliosahau nenosiri humu ndani tungewahesabu tusingemaliza leo.

Na laini ya simu je? Hiyo namba iliyoandikwa kwenye kibao chako imesajiliwa kwa kidole cha nani? Kuna mwenzetu fundi bomba, namba yake ya kazi ilisajiliwa na mke wake. Wakaachana. Nacheka, lakini yeye hakucheka. Miaka 9 ya wateja ilikuwa kwenye namba ile. Na laini ukiiacha kimya muda mrefu, kampuni huifunga, kisha namba ikapewa mtu mwingine. Mteja wako wa zamani anapiga anamkuta muuza mitumba wa Singida. Namba ya kazi ni mali, kama ilivyo cherehani, kama ilivyo gesi na geji.

Kuna mtu ataniambia, basi mimi situmii tovuti, nina Instagram, nina wafuasi 9,000. Hongera. Nakuuliza swali moja: wangapi wanaishi Tanga?

Dada mmoja mshonaji, yuko Ngamiani katika zile barabara zetu za namba, kazi yake safi kabisa, alikuwa na wafuasi wengi kuliko redio. Video zake za kupima na kukata vitenge zinapendwa mpaka Mombasa. Akaniletea simu nimsaidie, anasema watu wanapenda lakini oda haziji. Tukakaa, tukasoma maoni moja moja. Huyu yuko Mwanza. Huyu yuko Muscat. Huyu yuko Mbeya, anauliza bei, ameuliza tangu mwezi wa tatu hajajibiwa. Na kule juu, pale penye maelezo yake, kaandika: "Mbunifu. Ndoto zangu hazina mipaka." Jina la mji hakuna! Barabara ya ngapi, hakuna. Mtu wa Makorora anayetaka kupunguziwa suruali kabla ya Ijumaa hawezi hata kujua kwamba huyu binti yuko umbali wa kutembea kwa miguu. Tukafuta ndoto, tukaandika: Nashona na kurekebisha nguo, Ngamiani Tanga, barabara ya ngapi, karibu na nini, saa ngapi mpaka saa ngapi, suruali kupunguza kuanzia kiasi fulani. Ndoto ziko pale pale, ila sasa mtu akizipenda anajua ashuke wapi.

Hapo kwenye "kuanzia" mafundi huwa mnanipinga. Mnasema bei haitajwi mpaka uione kazi. Ni kweli. Lakini neno "kuanzia" lipo kwenye Kiswahili kwa sababu. Mteja asiyeona bei yoyote hudhani ni ghali, au hudhani unamtazama sura kwanza. Na mara nyingine, tuseme ukweli, ndivyo tunavyofanya.

Tena kuhusu kuweka mayai yote kwenye tenga moja. Mnaikumbuka tarehe 4 Oktoba 2021? Ilikuwa Jumatatu, karibu na magharibi. Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika zote kwa pamoja, dunia nzima, kwa karibu saa 6. Mpambaji mmoja wa harusi alikuwa anawasiliana na ndugu wa bibi harusi kwa ujumbe wa Instagram tu, wala namba ya simu ya yule mtu hana. Kesho yake ni kupeleka vitambaa, rangi haijathibitishwa, ni dhahabu au ni ya maziwa. Alizunguka mji na bajaji akiuliza "jamani kuna nyumba yenye harusi wiki hii?" Tanga hii, wiki hiyo nyumba zenye harusi zilikuwa ngapi? Tangu siku ile, yeye mtu akimwandikia tu, jambo la kwanza anaomba namba na kuiandika kwenye daftari la karatasi.

Na wale wanaosema watatumia kitu cha bure cha kampuni kubwa kwa sababu hakiwezi kuondoka: Google walikuwa wanawapa wenye biashara tovuti ndogo za bure, nzuri tu, zinatengenezwa kwa dakika chache. Machi 2024 wakazizima. Zote. Kitu cha bure kitumie, mimi mwenyewe nakitumia, lakini kitumie kama kivuli cha mwembe wa jirani.

Sasa mtaniuliza, fundi, tumekusikia, tufanye nini? Nitasema kwa mpangilio ninaouamini mimi, na anayepinga tutapingana kwenye kahawa.

Anza na ramani ya Google. Kabla ya tovuti, kabla ya Instagram. Kuweka biashara yako pale ni bure kabisa, na mtu akikudai pesa ya "kukusajili Google" jua unalipia kazi yake ya kubonyeza. Wataweza kukutaka uthibitishe kwa video: unapiga picha ya mtaa, kibao chako, vifaa vyako, wewe mwenyewe unafungua mlango. Usiogope. Mimi yangu nilipiga mara mbili, ya kwanza nilisahau kuonyesha kibao kwa sababu kibao chenyewe kilikuwa kimefunikwa na khanga za jirani.

Kama wewe unawafuata wateja majumbani, huna duka, usiweke alama ya nyumba yako. Kuna nafasi ya kuficha anwani na kutaja maeneo unayofika. Mimi nimetaja Raskazone, Chuda, Chumbageni, Mabawa mpaka Pongwe. Raskazone nimeitaja ya kwanza makusudi, maana kule upepo wa bahari na chumvi yake hula AC za nje kama mchwa, na mimi kwa chumvi hiyo nimesomesha watoto.

Kwenye maelezo andika maneno anayoyaandika mtu mwenye shida. Nani humu ndani, maji yanamwagika jikoni, anaandika "suluhisho za kisasa za mifumo ya maji"? Anaandika fundi bomba. Jina la biashara libaki lile lile lililo kwenye kibao na kwenye leseni, lakini maelezo yaseme Kiswahili cha mtu aliyelowa miguu.

Saa za kazi ziwe za kweli. Hapa kwetu Ijumaa mchana wengi tunafunga, Ramadhani ratiba inageuka kabisa, na pale kwenye ramani kuna sehemu ya kubadilisha saa kwa siku maalumu. Ibadilishe. Mtu aliyepanda daladala kutoka Amboni akakukuta umefunga wakati simu yake inasema upo wazi, huyo humpati tena, na atakusemea.

Halafu picha. Picha zako, jamani! Wewe, mkono wako, kazi kabla na baada. Nina picha moja ya kichujio cha AC, nusu nimekiosha, nusu bado ina vumbi jeusi kama sufuria la kuni. Niliipiga kwa simu ya kawaida, saa 4 asubuhi, kwenye ngazi. Picha ile imeniletea kazi kuliko wale Wazungu wawili na suti zao. Ila dada zangu wa saluni, uso wa mteja uombee ruhusa kwanza. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Na hata bila sheria: bibi harusi unamrusha saa 6 mchana, bwana harusi kamwona kwenye simu kabla ya ndoa kufungwa. Utawaambia nini wakwe?

Maoni ya wateja nayo yana adabu yake. Kazi ikiisha na mteja amefurahi, mwombe pale pale aandike maneno mawili. Usimlipe, usimpunguzie bei ili aandike, Google wenyewe wamekataza. Na akija wa kukusema vibaya? Mimi niliandikiwa: "Alisema saa 4, akaja saa 8." Nyota moja. Nikashika simu kwa hasira, nimeshaandika mistari kumi ya foleni na mvua na msiba. Mke wangu akaniuliza, "Kwani ulifika saa ngapi?" Nikafuta yote. Nikaandika: "Ni kweli nilichelewa, nisamehe, safari ijayo nitapiga simu mapema." Wateja wawili wameniambia walinipigia kwa sababu ya jibu lile.

Baada ya ramani, WhatsApp ya biashara. Hii ipo tangu 2018, ni bure, na wengi bado mnatumia ile ya kawaida ambayo asubuhi mteja akiifungua anakutana na picha ya sherehe ya shemeji. Ndani yake unaweka saa za kazi, unaweka katalogi ya huduma na bei za kuanzia, unaweka salamu inayojituma yenyewe ukiwa juu ya ngazi huwezi kushika simu. Na kiungo cha kubonyeza mtu akuandikie moja kwa moja ni rahisi: wa.me, mkwaju (/), halafu namba yako bila sifuri ya mbele, ianze na 255. Wengi mnaibakiza ile sifuri, kiungo hakifanyi kazi, mnasema mtandao mbovu.

Tovuti je? Fundi viatu, kinyozi, mama lishe: mimi nasema acha kwanza, pesa hiyo nunua feni wateja wapate upepo. Lakini ukianza kufanya kazi na hoteli, na shule, na ofisi, wale watu wana mhasibu, na mhasibu anataka kuona kitu kabla hajasaini. Hapo weka ukurasa mmoja. Mmoja! Juu kabisa nani wewe, unafanya nini, wapi, na namba inayobonyezeka. Chini yake picha chache zilizopunguzwa uzito ili zisile bando la mtu. Chini yake hoteli au shule ulizohudumia, kama wamekubali kutajwa. Na barua pepe yenye jina la biashara yako, hiyo kwa wahasibu ina heshima zaidi ya tai. Anayetaka zabuni za serikali ajisajili kwenye mfumo wa NeST, tovuti hata iwe nzuri vipi haimpeleki huko.

Na kibao cha ukutani msikifute. Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika, intaneti ikawa ya kuvizia siku kadhaa hapa kwetu na Kenya. Mimi nilipata kazi mbili kwa namba iliyoandikwa kwa rangi ya mafuta kwenye ukuta wa gereji. Namba ile ile iliyo kwenye ramani. Namba ile ile iliyo kwenye fulana yangu. Ndiyo hiyo hiyo iliyo kwenye stika ninayoibandika nyuma ya kila friji ninayotengeneza.

Nimesema mengi, na kahawa naona imeshafika. Nataka jambo moja tufanye kabla ya kunywa. Kila mtu atoe simu, aandike kazi yake na mji wetu, kama yule mama wa Chuda usiku ule. Usiandike jina lako, wewe unalijua. Andika kazi yako. Haya, nani kajiona? Nyoosheni mikono. Watatu. Na wewe mzee wangu wa redio na saa, mbona unacheka? Lete nione. Haa! Jamani, ramani imemweka mzee baharini, mbele ya bandari! Na saa inasema yuko wazi saa 24.

Vijana wawili wako pale kwenye meza ya birika, watasaidia bure mpaka saa 9. Njoo na simu yenye chaji, njoo na kitambulisho, njoo na daftari la kuandikia nenosiri lako mwenyewe. Mzee wa redio aanze, tumtoe majini kwanza.